Mifupa ya Ndege, na Jinsi Watu Walivyoijua

Sikukuu ikiisha na kuku akiisha kuliwa, watoto hubaki na mifupa. Katika nyumba moja ya Kadutu, hapa Bukavu, kijana wa shule aliushika mfupa wa juu wa bawa, ule ulio karibu na bega, akauvunja katikati, akachungulia ndani. Kisha akauvunja na mfupa wa paja. Akatuuliza: "Mwalimu, mbona huu wa paja una uboho, na huu wa bawa ni mtupu kama tete?" Sisi tukamjibu upesi, kama wakubwa wafanyavyo wakitaka kuendelea kula: "Ni mtupu ili uwe mwepesi, ndege apate kuruka." Kijana akafikiri kidogo, akasema: "Lakini mwalimu, kuku haruki."

Wote walicheka, na sisi tukacheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Basi tukaanza kutafuta. Tukaona kwamba swali la kijana huyu limewashughulisha watu wenye elimu kwa miaka zaidi ya 700, na kwamba lile jibu letu la upesi, ambalo sisi wenyewe tulifundishwa shuleni, ni nusu ya kweli tu. Wasomaji wetu wapenzi watuvumilie kidogo, maana hadithi hii yapita Italia, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani, kisha yarudi hapa kwetu, katika milima ya Itombwe.

Tuanze na kuku mwenyewe, kwa kuwa hakuna mtaa asipopatikana. Kwanza tumtetee. Si kweli kwamba haruki. Mwangalieni jioni anapopanda juu ya mti, au mbwa anapomfukuza. Huruka vizuri, ila si mbali. Wazazi wake ni kuku wa mwitu wa Asia ya kusini, ndege wa msituni warukao kwa nguvu kwa kitambo kidogo, kisha hushuka wakakimbia kwa miguu. Binadamu amemnenepesha, lakini mifupa yake bado ni mifupa ya mrukaji. Kwa hiyo yeyote anayetaka kujifunza habari hizi hahitaji tai wala korongo. Sahani yake yamtosha.

Tazameni kidari. Katikati yake umesimama mfupa mwembamba kama ubao, mkali kwa chini. Watu wa pwani wana neno zuri la mti wa chini wa jahazi, ule upasuao maji: huuita mkuku. Hatufanyi mzaha wa maneno tukisema kwamba kuku ana mkuku. Mkuku huo ndio ukuta wanaposhikilia misuli ya kurukia, mmoja upande wa kuume na mmoja upande wa kushoto. Kwa njiwa, nyama hiyo ya kidari ni karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili wote. Mtu hana kitu cha namna hiyo. Akipapasa kifua chake ataona mfupa bapa, usio na ubao wowote uliosimama.

Mama zetu wapikao wajua jambo jingine, ingawa huenda hawakulifikiria. Ukiondoa nyama kubwa ya kidari, chini yake, imelala juu ya mfupa, iko nyama nyingine ndogo, nyembamba, yenye mshipa mweupe mgumu. Msuli mkubwa wa juu hushusha bawa. Na bawa linapandishwa na nani? Twaweza kudhani msuli wa kulipandisha uko mgongoni, kama ulivyo kwetu. Sivyo. Ni ule mdogo wa chini. Ule mshipa wake mweupe hupanda, hupita katika tundu lililo mahali mifupa mitatu ya bega inapokutana, hugeuka juu, hushika mfupa wa bawa kwa upande wa mgongo. Ni sawasawa na mtu asimamaye chini akivuta kamba iliyopitishwa juu ya boriti ili kuinua mzigo. Hivyo uzito wote wa misuli hukaa chini, tumboni mwa chombo, na ndege hapinduki. Kabla kuku hajakatwa vipande, chaneni ngozi ya kidari, itafuteni ile nyama ndogo, mkaivute kuelekea nyuma. Bawa litainuka. Yule kijana wa Kadutu alifanya hivyo mara nne, akatuharibia mapishi.

Katika bega kuna mambo mengine mawili. Kuna nguzo mbili nene zisimamazo kati ya kidari na bega. Zisingekuwako, misuli hiyo mikubwa ingekiponda kifua kila mara bawa linaposhuka. Na kuna ule mfupa wenye umbo la manati ambao watoto hushindana kuuvunja. Huo ni mifupa miwili ya bega, ile ambayo kwetu sisi iko chini ya shingo, imeungana ikawa mmoja. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walimrusha ndege mdogo katika chumba cha upepo, wakampiga picha za eksirei zinazokwenda kama sinema. Wakaona manati hiyo ikitanuka kila bawa liliposhuka, na kurudi lilipopanda, mara nyingi kwa nukta moja, kama chuma cha kurudisha mtego. Yafaa kusema kwamba kazi yake yote haijamalizika kuchunguzwa.

Sasa shikeni mgongo wa kuku mjaribu kuupinda. Shingo ni laini kama nyoka, maana ina vipingili vingi. Mtu ana 7 katika shingo, bundi ana 14, na ndege mwenye shingo ndefu huweza kufikia 25. Lakini toka kiuno hata nyuma, vipingili vimeungana na nyonga vikawa kitu kimoja. Mkia wa mifupa haupo. Vimebaki vipande vichache vilivyoungana kuwa kigingi cha kushikia manyoya. Mkononi, vidole vitatu tu, na mifupa ya kiganja imeunganishwa. Meno hayapo kabisa. Fundi wa baisikeli ataelewa mara moja. Mahali pasipotakiwa kucheza, yeye huchomelea.

Basi, watu walipataje kuyajua haya?

Mmoja wa watu wa kwanza walioandika kwamba mifupa ya ndege ina hewa ni kaisari Frederick wa Pili, aliyetawala Sisilia, Italia ya kusini na nchi za Ujerumani, akafa mwaka 1250. Katika historia ya Kanisa twamkumbuka kwa ugomvi wake mrefu na Mapapa. Papa Gregori wa Tisa alimtenga mwaka 1227. Lakini alikuwa na upendo mmoja mkubwa, nao ni kuwinda kwa kutumia ndege wakali waliofugwa, na juu ya kazi hiyo aliandika kitabu kikubwa kwa Kilatini. Zamani hizo mtu akitaka kujua habari ya mnyama alifungua Aristoteli. Kaisari huyu alimfungua ndege. Palipo na tofauti kati ya ndege na Aristoteli, hakuogopa kuandika kwamba Aristoteli amekosea.

Mwaka 1555 Pierre Belon, Mfaransa, alipiga chapa kitabu juu ya ndege chenye picha moja iliyopata sifa mpaka leo. Katika kurasa mbili zinazotazamana, upande mmoja alichora mifupa ya mtu, na upande wa pili mifupa ya ndege amesimamishwa wima kama mtu. Kila mfupa aliutia herufi, na herufi zile zile ziko pande zote mbili. Bega kwa bega, paja kwa paja. Kuna makosa ndani yake, lakini shabaha ilikuwa sahihi. Ukiifuata njia hiyo utajua, kwa mfano, kwamba wanaosema goti la kuku limeelekea nyuma wanadanganyika. Kile wanachokiona si goti, ni kisigino. Goti lake limefichwa juu, chini ya manyoya, nalo hupinda mbele kama letu. Kuku hutembea kwa vidole maisha yake yote.

Miaka 83 baadaye, mwaka 1638, Galileo alikuwa mzee, amekwisha kupofuka macho. Katika kitabu chake cha mwisho aliuliza kwa nini maumbile hupenda vitu vyenye uwazi ndani, akataja matete na mifupa ya ndege. Alionyesha kwa hesabu kwamba ukichukua uzito ule ule wa kitu, ukaufanya bomba badala ya fimbo, bomba litastahimili kupindwa kuliko fimbo. Watu wa Kivu hawahitaji hesabu hiyo, kwa sababu Kahuzi imejaa mianzi. Mwanzi mtupu hubeba paa la nyumba, na mti uliojaa wenye uzito kama huo ungepinda. Baisikeli nayo ni mabomba matupu, na hubeba mifuko ya muhogo ambayo mwenyewe hawezi kuinua.

Wasomaji waweke neno la Galileo moyoni, maana ndilo lililosahauliwa. Yeye hakusema mfupa ni mtupu ili uwe mwepesi tu. Alisema ni mtupu ili uwe na nguvu kwa uzito ule ule.

Giovanni Alfonso Borelli, naye Mwitalia, mzaliwa wa Napoli, alipima misuli. Kitabu chake kilianza kutoka Roma mwaka 1680, mwenyewe akiwa amekwisha kufa. Alilinganisha kifua cha ndege na kifua cha mtu, akakata maneno kwamba mtu hawezi kamwe kuruka kwa nguvu za mikono yake, hata akijifunga mabawa mazuri namna gani. Wengi hawakumsikia. Waliendelea kuruka kutoka minarani na kuvunjika miguu.

Mwaka 1774 daktari mmoja Mskoti aliyefanya kazi London, John Hunter, aliwaandikia wenzake wenye elimu habari ya jaribio ambalo sisi tusingependa kuliona. Alimchukua kuku, akamfunga koo kwa uzi hata hewa isipite kabisa. Kisha akaukata ule mfupa wa juu wa bawa, ule ule alioushika kijana wetu. Akaona hewa ikiingia na kutoka kwa njia ya mfupa. Alijaribu tena kwa mfupa wa paja wa mwewe mchanga, akaona vile vile. Karibu na wakati huo Petrus Camper wa Uholanzi alikuwa amegundua jambo hilo kwa njia yake.

Je, hewa hufikaje katika mfupa? Mapafu ya ndege hayatanuki kama yetu. Yameshikamana na mbavu, na kutoka kwake hutokea vifuko vyembamba vya hewa, kwa kawaida 9, vilivyotapakaa kifuani na tumboni. Wazee wetu waliofua majembe wangefahamu. Moto hukaa mahali pake, na mvukuto wa ngozi ndio upandao na kushuka. Vifuko ni mvukuto, na mapafu ni kama makaa. Tena hewa hupita katika mapafu kwa njia moja tu, isirudi nyuma, hivyo ndege hupata hewa safi hata anapotoa pumzi. Baadhi ya vifuko hivyo huchipuka na kuingia katika mifupa kwa tundu dogo. Mtu akitazama vizuri kichwa cha mfupa wa bawa wa kuku ataliona tundu hilo kwa macho, bila miwani.

Hapo ndipo watu walipopotea. Wengine walidhani hewa ya moto ndani ya mifupa humwinua ndege kama puto. Lakini mbuni, ambaye harukii hata ua, ana hewa katika mfupa wa paja. Na mkuku hana. Kidari chake ni bapa kama sinia. Kwa hiyo alama ya mrukaji ni mkuku kuliko hewa. Hapa ziwani kwetu, Kivu, twamwona mnandi, yule ndege mweusi akaaye juu ya jiwe amekunjua mabawa yakauke. Yeye huzamia samaki, nao sambaza walioletwa toka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wamemwongezea chakula. Mnandi hewa ya mifupani anayo kidogo sana, maana mtu ajazaye maboya mfukoni hawezi kupiga mbizi. Na bado huruka kutoka Idjwi mpaka Bukavu bila shida. Kinyume chake ni mwari wa ziwa Edward, ndege mzito ajabu, mwenye hewa karibu katika kila mfupa. Basi hewa na kuruka vina ujamaa, lakini si pacha.

Tumesema hadithi yetu yapita Ujerumani. Mwezi wa tano mwaka 1822, karibu na Klütz, kaskazini ya nchi hiyo, watu walimpiga bunduki korongo mweupe. Walipomwokota waliona ajabu: shingoni mwake ulipenya mkuki wa mti, urefu wake kama santimita 80, na mti wenyewe wa Afrika ya kati. Mtu wa huku kwetu alikuwa amemchoma, naye korongo akaruka na mkuki wake akavuka jangwa na bahari hata kwao. Kabla ya hapo walikuwako watu wazima na wenye elimu huko Ulaya waliosema kwamba ndege wakati wa baridi hulala chini ya matope ya ziwa. Korongo yule angali anahifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock, mkuki ukiwa shingoni. Jina la mwindaji hakuna alijuaye. Twaona haki idai kwamba naye ahesabiwe miongoni mwa walioleta elimu, ingawa yeye alitaka nyama tu.

Korongo weupe hao hao ndio waliomfundisha Otto Lilienthal. Alipokuwa kijana huko Ujerumani aliwatazama wakiruka mashambani. Akawa fundi wa mashine, akapima mabawa yao, umbo lake, mpindo wake, na mwaka 1889 akatoa kitabu juu ya kuruka kwa ndege. Hakutegemea kupiga mabawa kwa mikono. Alikuwa amemwelewa Borelli. Alijifunga mabawa yaliyotulia, akashuka kutoka vilimani akielea juu ya upepo kama mwewe wetu wanavyofanya juu ya rasi za Bukavu mchana jua likiwaka. Tangu 1891 aliruka mara nyingi sana. Tarehe 9 mwezi wa nane 1896 upepo ulimwangusha, akavunjika uti wa mgongo, akafa kesho yake. Wamarekani wawili, ndugu Wright, walisoma kazi yake, na mwaka 1903 mashine yao iliruka. Hapa Bukavu watu wengi hutumia neno moja, ndeke, kwa kiumbe na kwa mashine itokayo Kavumu. Tumesikia wengine wakisema ni umaskini wa lugha. Sisi twaona ni historia fupi.

Mwaka 1861, katika machimbo ya mawe ya Solnhofen, Bavaria, palionekana mifupa iliyogeuka jiwe, pamoja na alama za manyoya. Wataalamu waliita kiumbe hiki Archaeopteryx, nacho kiliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Kilikuwa na mabawa yenye manyoya na ile manati ya kifuani. Lakini kilikuwa na meno, makucha matatu katika kila bawa, mkia mrefu wa mifupa kama wa mjusi, na mkuku wa mfupa haukuonekana. Mwaka 2018, kwa mionzi yenye nguvu sana huko Grenoble, Ufaransa, watu walitazama ndani ya mifupa yake ya bawa bila kulivunja jiwe. Kuta zake zilifanana zaidi na za ndege warukao kwa kitambo kifupi, wa ukoo wa kwale na kuku. Kijana wetu alipolisikia hili alifurahi kuliko yote.

Na ile habari ya wepesi? Mwaka 1979 wataalamu walipima mifupa mikavu ya ndege wa kila namna, wakailinganisha na ya wanyama wanyonyeshao wenye uzito sawa nao. Wengi wetu tungeapa kwamba ya ndege itakuwa myepesi. Haikuwa hivyo. Kwa mwili wenye uzito ule ule, mifupa yote ya ndege ikijumlishwa ina uzito karibu sawa na ya mnyama. Mwaka 2010 Elizabeth Dumont wa Marekani alionyesha sababu mojawapo: kuta za mfupa wa ndege ni nyembamba, lakini kitu chenyewe kimeshindiliwa, kizito kuliko mfupa wa panya au wa mnyama mwingine wa kadiri yake. Ndiyo sababu mfupa wa bawa huvunjika kwa ncha kali kama kigae. Katika ndege wakubwa kama tai, ndani ya bomba mna vijiti vya mfupa vilivyokingamana, na D'Arcy Thompson, Mskoti, alionyesha kwamba vimepangwa sawasawa na vyuma vya daraja.

Kwa hiyo jibu tulilompa kijana ilitubidi tulirudie. Ndege hakupunguziwa mifupa. Mifupa yake imehamishwa: mahali pengine imeondolewa, kama mkia na meno, mahali pengine imeunganishwa, na iliyobaki imefanywa bomba gumu lisilopinda bawa linapopiga hewa. Galileo alikuwa amesema hivyo karibu miaka 400 iliyopita, nasi tukashika neno moja tu la maneno yake.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Wabelgiji iliunda taasisi kubwa ya utafiti, IRSAC, na makao yake makuu yakajengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, chini ya mlima Kahuzi. Leo huitwa kituo cha utafiti wa elimu ya viumbe, CRSN. Miaka hiyo wakusanyaji wa ndege walikuwa wengi katika Kivu. Mmoja aliishi Kamituga. Aliitwa Alexandre Prigogine, mzaliwa wa Moscow aliyekulia Ubelgiji, mtu wa kazi ya migodi, na ndugu yake Ilya alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Kazi ya Alexandre ilikuwa madini, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege, na maelfu ya ndege wa Itombwe aliowakusanya pamoja na wawindaji wa huko walipelekwa katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Lakini yapasa msomaji ajue ndege huwekwaje. Mkusanyaji humpasua tumboni, humvua ngozi na manyoya yake yote kama mtu avuavyo koti. Hubakiza sehemu ya fuvu pamoja na mdomo, mifupa ya mabawa, na miguu. Mwili wenyewe, yaani mgongo, mbavu, kidari na mkuku wake, hutupwa, au huingia chunguni. Pamba hutiwa mahali pake. Kwa kutazama rangi ngozi hiyo yafaa sana. Kwa anayetaka kujua ndege yule aliruka namna gani, kile kilichotupwa ndicho kilikuwa kitabu.

Ndege wa kawaida akivuliwa hivyo si hasara, maana wako wengine. Lakini mwezi wa tatu mwaka 1951, mahali paitwapo Muusi, juu katika Itombwe, zaidi ya mita 2,400, alipatikana bundi mdogo mwekundu asiyejulikana. Mwaka 1952 Schouteden alimwandika kwa elimu, akampa jina la Prigogine. Mwaka 1955, Malenge, katika milima ile ile, aliuawa ndege jike wa usiku, wa jamaa ya wale walalao chini njiani, ambao wengine huwaita kirukanjia. Ngozi yake ilikaa sandukuni Tervuren miaka 35. Mwaka 1990 tu ndipo Michel Louette alipotangaza kwamba huyu ni ndege wa namna yake peke yake, naye akamwita kwa jina la Prigogine. Ngozi hiyo moja ndiyo jamaa yote iliyopata kushikwa mkononi.

Hatumlaumu mtu. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kazi ulimwenguni pote, na bila wakusanyaji hao tusingejua hata kwamba bundi huyo yuko. Twasikitika tu kwamba Mbembe au Mfuliru anayetaka kuiona ngozi ya bundi wa milima yake yampasa kwanza apate pasipoti. Na misitu ile imekatwa sana tangu hapo, imechimbwa dhahabu, imepitiwa na askari wa kila namna. Hifadhi ya Itombwe iliundwa mwaka 2006, baada ya miaka kumi ya taabu katika nchi nzima.

Miezi michache kabla ya taabu hizo kuanza, mwezi wa tano mwaka 1996, watafiti waliokuwa wakihesabu wanyama kusini-mashariki ya Itombwe walitega nyavu zao nyembamba za kukamatia ndege. Asubuhi moja walimkuta bundi ndani yake. Alikuwa yule wa Muusi, asiyeshikwa na mtaalamu kwa miaka 45. Walimpima, wakampiga picha, wakamtazama macho, mdomo, makucha. Kisha wakafungua mikono, naye akaruka akaingia msituni, mkuku wake kifuani.